Diski Isiyofagiwa

1

Mwalimu Kihwele alisoma ukurasa wa kumshukuru mteja mara mbili, kwa sauti, kisha akafunga kijitabu cha diski mpya na kutangaza kwamba kiwanda kilisahau kuweka maelekezo.

"Yako ukurasa wa tatu, Mwalimu," nikasema.

Akafungua wa tatu. Akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama mtu aliyechelewa kanisani na kukuta mahubiri yako katikati.

"Tulinagwe," akasema hatimaye, "wewe si una adhabu ya kusafisha ofisi leo?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi anza kusafisha hapa." Akanikabidhi bisibisi.

Hivyo ndivyo kazi nyeti kuliko zote katika historia ya Shule ya Sekondari Lwangilo ilivyoangukia mikononi mwa msichana wa kidato cha tatu aliyekuwa akitumikia adhabu kwa kosa la kuwavisha mbuzi wa shule sare na kuwapanga mstarini. Kuhusu mbuzi sijutii. Walisimama wima dakika ishirini na tano wakimsikiliza Mkuu wa shule, na hakuna aliyezimia.

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, ukungu bado umening'inia kwenye misindano. Shule nzima ilikuwa kwenye usafi wa jumla. Mafagio yalikwaruza kila upande. Ndani ya ofisi, juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, alikaa Mlezi.

"Habari za asubuhi, Tulinagwe," akasema kupitia spika yake yenye ufa. "Naona una bisibisi. Nimekukosea nini?"

"Shikamoo, Mlezi. Tunakubadilishia diski."

"Marahaba. Nimesikia. Mkuu ametangaza mara nne, na matangazo yote manne ninayo. Siruhusiwi kuyafuta."

Shule kubwa za mijini zina Walezi wanaokaa kwenye kabati za chuma zenye baridi kama mochari. Wetu alikaa ndani ya kompyuta ya mezani iliyonizidi umri, akituona kwa kamera za korido, akitusikia mabwenini, na kila anayeondoka shuleni alimchapia Cheti cha Mwenendo. Bila cheti hicho hakuna shule wala chuo kinachokufungulia geti. Mkuu wa shule anaweza kukufukuza, anaweza kukunyima wali wa Jumapili, lakini sahihi ya Mlezi haigusi. Ndiyo sheria.

Shida ilikuwa nafasi. Diski ya mfumo alimokuwa akiishi Mlezi ilikuwa ndogo, na sehemu saba kati ya kumi zilikaliwa na video za hotuba za Mkuu, zilizofungwa kwa jina la Urithi wa Taasisi. Katika sehemu tatu zilizobaki ilibidi yaenee maisha ya wanafunzi mia nne na kumi na wawili. Kwa hiyo kila Jumamosi, sisi tukifagia, naye alifagia. Alichukua kila kosa la wiki na kulipima: je, kuna aliyeumia? Je, litarudiwa? Kama sivyo, alilitupa. Kazi hiyo sisi tuliiita Fagio.

Hata kidato cha kwanza walijua. Ukitaka kutenda dhambi, tenda Alhamisi. Kamati ya Nidhamu ilikaa Jumatatu baada ya chai, tangu shule ilipoanzishwa, na wazo la kukaa Ijumaa halijawahi kupita katika kichwa cha mjumbe yeyote, kwa kuwa vichwani humo hapapiti vitu vingi. Jumatatu ikifika, Mlezi alijibu, "Sina kumbukumbu," na kamati ikabaki na biskuti zake.

Mkuu aliona huo ni ubovu. Alikuwa ametembelea shule moja ya mjini ambayo Mlezi wake hasahau kitu, akakuta wanafunzi wanatembea mikono nyuma, wakiviziana, hawacheki. Alirudi na machozi ya wivu. Wahitimu wakaombwa, wakachanga, na sasa diski mpya ilikuwa mezani, kubwa mara arobaini kuliko ya zamani. Saa sita mchana wageni wangekuja kuishuhudia.

2

Mkuu mwenyewe, Mwalimu Chengula, aliingia akiwa amevaa suti ya sherehe na kutanguliwa na manukato.

"Imefikia wapi?"

"Mwalimu Kihwele anaongoza kazi vizuri sana, Mkuu," nikasema. Mwalimu Kihwele alikificha kijitabu nyuma ya mgongo.

"Wataalamu wameniambia vilivyofutwa vinaweza kufufuliwa. Kweli au si kweli?"

Ilikuwa kweli, na iliniudhi kumwona amepatia jambo. Ukifuta kitu kwenye diski kama ile, hukiondoi. Unang'oa tu kibao cha jina mlangoni. Mpangaji bado amelala ndani, mpaka aje mwingine kumsukuma, au mpaka mtu atoe amri maalumu ya kusafisha vyumba. Amri hiyo Lwangilo haikuwahi kutolewa, kwa sababu aliyepaswa kuitoa ni Mwalimu Kihwele.

"Ni kweli, Mkuu."

"Basi fufua vyote. Kila mwizi wa sukari, kila mtoro, kila barua ya mapenzi. Miaka minne mizima. Leo wageni waione shule isiyosahau."

"Hata watoto wa kidato cha kwanza waliokojoa kitandani, Mkuu?"

"Hao ndio wa kuanza nao!"

"Mlezi," nikauliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta elimu tu, "inawezekana kufufua kumbukumbu moja peke yake?"

"Haiwezekani. Vibao vimeng'olewa, sijui nani yuko chumba gani. Naweza kuleta vyote, nivisome kimoja kimoja, nimpe kila mtu chake. Na sheria inasema nikishakisoma, lazima kiingie kwenye cheti."

"Safi kabisa," akasema Mkuu, akaenda ukumbini kufanyia mazoezi hotuba yake.

Sasa niseme kwa nini niliuliza.

Miaka miwili iliyopita, siku ya Alhamisi, walikuja wakaguzi sita. Mimi, kidato cha kwanza, nilichukua chupa ya ile dawa ya bluu wanayopaka zahanati kwenye vidonda vya mdomo, nikaimimina kwenye birika kubwa la chai ya wageni, lenye maziwa ya mama zao wale mbuzi. Midomo ikageuka, meno yakageuka, ndimi zikageuka. Mkaguzi kiongozi aliendelea kutuhutubia kuhusu usafi wa kinywa akiwa na kinywa cha mtu aliyekunywa wino. Hakuna aliyeumwa hata tumbo. Jumamosi Mlezi akapima: mzaha, hakuna aliyeumia. Akafagia.

Jumatatu kamati ilikaa. Kwa kuwa Mlezi hakuwa na kumbukumbu, ikabidi wajumbe watumie akili zao, na hapo ndipo maafa yalipoanzia. Walitafuta mikono ya bluu. Obadia Kilasi wa kidato cha pili alikuwa zamu ya jikoni na ndiye aliyeosha lile birika. Alikuwa wa bluu hadi viwiko. "Sumu," akasema Mkuu. Obadia akasema yeye aliosha tu. "Mwenye hatia ndiye huosha," ikajibu kamati, na wakaona wamesema jambo zito.

Aliondoka na sanduku begani. Mimi nilisimama dirishani bwenini, shujaa wa shule, mwenye mdomo mrefu kuliko wote, na mdomo huo haukufunguka. Kwenye cheti chake kamati ilipiga mhuri: *Alijaribu kuwapa sumu watumishi wa serikali.* Kilichogongwa mhuri Mlezi hawezi kukiondoa, isipokuwa mkosaji wa kweli apatikane. Siku hizi Obadia anapakia viazi kwenye malori Makambako.

Kwa hiyo hali ilikuwa hivi. Nikifufua vyote, ushahidi wangu ungefufuka, na Obadia angesafishika. Lakini mia nne na kumi na wawili wangebebeshwa hadi kufa kila upuuzi waliowahi kufanya wakiwa na miaka kumi na minne. Nikiacha vilivyolala vilale, wote wangepona, mimi nikiwemo, na uongo juu ya Obadia ungehamia kwenye diski isiyofagiwa.

3

"Nakuzima sasa, Mlezi."

"Sawa. Nikiamka nitakuwa nakumbuka nini?"

"Inategemea nitakachobonyeza."

"Basi sikuombi kitu. Mtu hajadiliani na daktari aliyekwisha shika kisu."

Nikazima, nikachomoa waya wa umeme, nikagusa chuma cha dirisha ili kuondoa umeme wa mwilini, nikafungua kasha. Ndani kulikuwa na vumbi la kutosha kupandia mchicha, na mjusi mmoja mkavu. Diski mpya ilikuwa nyembamba kama kipande cha chuingamu. Niliichomeka kwa mshazari kwenye tundu lake, nikailaza, nikamwomba Mwalimu Kihwele skrubu ya kuibana.

"Hii hapa," akasema. Halafu akasema, "Ilikuwa hapa."

Skrubu yenyewe ilikuwa na ukubwa wa punje ya ulezi. Tulitambaa chini ya meza robo saa, mwalimu mwenye shahada na mwanafunzi mwenye adhabu, mpaka tukaikuta imenasa kwenye soksi yake.

Nikarudisha umeme, nikawasha kwa flashi yenye programu ya kunakili. Kioo kikaleta chaguo mbili. *Nakili vilivyo hai. Nakili kila chumba.*

Nikakaa nikaziangalia. Mwalimu Kihwele akamimina chai kutoka kwenye chupa yake, akamenya yai la kuchemsha.

"Mbona hubonyezi?"

"Nafikiri, Mwalimu."

"Haya." Akatia chumvi. "Ujue mimi nimesoma hapa hapa, kabla ya Walezi. Kidato cha pili niliiba blanketi la mwenzangu. Baridi ilinishinda. Nikamrudishia mwezi wa tisa, nimelikunja vizuri, nikaliweka kitandani kwake, na mpaka leo hajui nani. Sasa ningekuwa na cheti kimeandikwa mwizi wa blanketi. Nani angeniajiri?"

Nilitaka kumwambia kwamba hata bila blanketi kumwajiri ilikuwa bahati nasibu, lakini nikajizuia.

"Mwalimu, tuseme kuna mtu. Anajua mwenzake alionewa. Ushahidi upo, lakini ukiutoa, wengine mamia wanaangamia. Usipoutoa, yule mmoja anabaki ameangamia. Afanyeje?"

Alimeza kipande cha yai.

"Huyo mtu si alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Anajua aliyefanya?"

"Anamjua vizuri."

"Si aseme tu?"

"Bila ushahidi, Mwalimu?"

"Mdomo hauhitaji kebo, Tulinagwe. Unaufungua." Akanyoosha mkono. "Nipe hiyo chumvi."

Nilikuwa nimemdharau mtu huyu miaka mitatu, kwa bidii, bila kukosa hata siku moja. Nilimwigiza anavyotembea. Niliwafundisha wengine kumwigiza. Na kwa asubuhi nzima mimi, mwenye akili, nilikuwa nimekaa kama jaji mkuu nikipima watu mia nne kwa mtu mmoja, nikijisikia mzito wa hekima, wakati ukweli ulikuwa mwepesi tu: nilikuwa nimejificha katikati ya wale mia nne. Kamati ya Nidhamu ilimwonea Obadia kwa ujinga. Mimi nilimwonea kwa akili timamu, kila siku, kwa miaka miwili, huku nikiwacheka wao.

Nikabonyeza *Nakili vilivyo hai*.

Ilichukua dakika arobaini. Ilipokwisha nikatoa amri ya kusafisha kwenye diski ya zamani, ile ya kweli, inayotoa wapangaji wote nje. Asilimia zikapanda. Wezi wa sukari wakaenda. Barua za mapenzi zikaenda. Vitanda vilivyolowa vikakauka. Na mahali fulani humo, bila kibao, ikaenda ile Alhamisi yangu.

"Umebonyeza nini?" akauliza Mwalimu Kihwele.

"Blanketi lako, Mwalimu."

Aliitikia kwa kichwa, akafunika chupa yake ya chai.

4

Mara ya kwanza haikuwaka. *Diski ya mfumo haijapatikana*, kikaandika kioo, na Mwalimu Kihwele akaanza kusali kwa Kihehe. Nilikuwa nimesahau kuiambia kompyuta ianze kutafuta kwenye diski mpya. Nikaingia kwenye mipangilio, nikabadilisha, nikapanua sehemu ya mfumo ijaze diski yote, nikawasha tena.

"Loo," akasema Mlezi.

"Vipi?"

"Nafasi. Ni kama kuingia bwenini wakati wa likizo."

Mkuu akaingia. Nje ya mlango nyuma yake kulikuwa na viatu vya wageni na vicheko vya watu walioshiba.

"Vimefufuka vingapi?"

"Hakuna, Mkuu. Nimenakili vilivyo hai tu. Ya zamani nimeisafisha."

Aliutazama mlango, akashusha sauti. "Kwa amri ya nani?"

"Mimi ndiye msimamizi wa kazi, Mkuu," akasema Mwalimu Kihwele. Ganda la yai lilikuwa bado limemganda kwenye tai. Nikamtazama. Hakunitazama.

"Nitashughulika na nyinyi wote wawili Jumatatu."

"Mkuu, samahani, nina jambo jingine," nikasema. "Mlezi, andika. Ile chai ya wakaguzi niliitia mimi dawa ya bluu. Obadia Kilasi aliosha birika tu."

Mkuu akanitazama, kisha akacheka. Alicheka kwa dhati, mpaka akatoa leso.

"We mtoto! Aliyetangaza mstarini kwamba Wizara imefuta hisabati ni nani? Aliyeniandikia barua ya uhamisho kwa mhuri wa kiazi, nikafungasha vyombo, ni nani? Mke wangu aliaga majirani! Leo wageni wako mlangoni ndiyo umepata toba. Toka."

Sikutoka. Ushahidi nilikuwa nimeusafisha kwa mkono wangu mwenyewe nusu saa iliyopita, na neno langu, mbele ya mtu yeyote wa Lwangilo mwenye masikio, halikutosha kununua kiberiti.

"Dawa uliitoa wapi?" akauliza Mlezi.

"Zahanati, rafu ya chini. Dirisha la nyuma halifungi."

"Chupa ngapi?"

"Moja nzima."

"Obadia alikuwa wapi?"

"Kuni. Alikuwa ameenda kuleta kuni. Nilingoja atoke."

"Kwa nini hukusema Jumatatu ile?"

"Niliogopa."

Spika yenye ufa ikavuma kidogo.

"Nimekuamini," akasema Mlezi. "Naondoa uamuzi wa kamati kwenye cheti cha Obadia Kilasi. Naweka kosa hili kwa Tulinagwe: alitia dawa, akanyamaza, mwenzake akafukuzwa. Kuna aliyeumia. Halifagiwi."

"Unamwamini *huyu*?" Mkuu akasahau wageni. "Huyu ni mwongo wa kupindukia! Muulize yeyote!"

"Inawezekana, Mkuu. Kama alisema uongo, niliufagia, haukuwa na madhara. Kwenye kumbukumbu zangu hajawahi kunidanganya."

Kati ya viumbe vyote vya shule ile, aliyeniamini ni mmoja tu, na ni kwa sababu alikuwa amesahau mimi ni nani.

"Futa hiyo," akasema Mkuu kwa mnong'ono. "Unataka wageni wajue tulimfukuza mtoto asiye na kosa? Futa!"

"Nafasi ipo tele, Mkuu. Hakuna sababu ya kufuta." Kisha, kwa sauti ile ile ya upole: "Utaratibu unanitaka nimjulishe mkosewa. Napiga."

Simu ikaita mara tano. Ikapokelewa katikati ya muungurumo wa lori na mtu anayepiga kelele kwamba gunia limechanika.

"Nani?"

"Mlezi wa Lwangilo. Obadia, cheti chako kimerekebishwa. Ile sumu imeondolewa. Aliyetia dawa amejitaja."

Gunia likatuliwa chini kwa kishindo.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, kaka," nikasema. "Tulinagwe. Wa bweni la juu."

"Wa bweni la juu." Alikuwa akijaribu kunikumbuka. "Ulijua siku ile wananiita kwenye kamati?"

"Nilijua."

"Ukaniona natoka na sanduku?"

"Nilikuwa dirishani."

"Miaka miwili."

"Ndiyo. Naomba unisa..."

"Sizungumzi nawe. Mlezi, cheti kinafika lini?"

"Kimeshatoka. Unaweza kuomba shule leo."

"Sawa. Na yeye ameandikwa?"

"Ameandikwa."

"Litafutika?"

"Kwa diski hii, halifutiki. Ila mkosewa akiomba, sheria inaniruhusu kumsamehe. Wewe tu ndiye unaweza."

Mkuu akaacha kujifuta jasho. Mwalimu Kihwele akainama kuelekea spika. Mimi nilikuwa nimeshika bisibisi kwa mikono miwili kama mshumaa. Upande wa pili, mtu akaita, "Oba! Gari linaondoka!"

"Nakuja!" akajibu. Halafu akarudi kwetu, hana haraka tena.

"Niulize baada ya miaka miwili," akasema, akakata simu.